Unataka kujifunza usalama wa kompyuta na mtandao ukiwa Mtwara au Lindi? Linganisha kwanza: darasani, Netacad, Google, TryHackMe na Bandit

Wakuu wa Kusini, hili swali linaulizwa sana, na wanaouliza ni watu wa kila aina, kijana aliyemaliza kidato cha sita anasubiri matokeo, wakala wa miamala, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), dada wa mapokezi ambaye bosi amemwambia "wewe ndo mtu wa kompyuta humu ndani" bila kumfundisha chochote. Yuko Mtwara mjini au Masasi au Nachingwea, ana simu janja na pengine laptopu ya kuazima, anataka misingi ya usalama wa kompyuta na mtandao, aanzie wapi? Naweka hapa njia zilizopo nazilinganisha, na nitasema wazi ipi naona inamfaa nani, maana kuna njia nzuri za bure kabisa na kuna zingine zinakula hela za watu.

Kwanza tuwekane sawa misingi yenyewe ni nini, kwa sababu ukitaja usalama wa mtandao wengi wanawaza udukuzi tu, skrini nyeusi na mtu anaingia kwenye akaunti za wenzake. Huku kwetu kazi iliyopo ni nyingine. Chukulia ofisi ya AMCOS kule Tandahimba au Newala, ina laptopu moja au mbili, printa, na intaneti inatoka kwenye modemu au simu ya mtu. Ndani ya hiyo laptopu kuna majina ya wakulima, namba zao za akaunti za benki, kilo walizopeleka ghalani, na tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inapita kwenye mfumo wa TMX (Soko la Bidhaa Tanzania) kwahiyo mambo yanazidi kuhamia kwenye kompyuta kila mwaka. Sasa laptopu kama hiyo ikiwa inatumiwa na karani na mwenyekiti na mtoto anayeangalizia muvi, pasiwedi ni moja ya wote, flashi za kila mtu zinachomekwa humohumo, na bado inaendesha Windows 10 ambayo masasisho yake ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, hapo hahitajiki mdukuzi mkubwa kutoka nje, flashi moja yenye virusi inatosha.

Watu wa fani hii wanagawa usalama sehemu tatu, usiri, uadilifu wa taarifa na upatikanaji, na ukiziweka kwenye hiyo laptopu zinaeleweka haraka. Usiri ni namba ya akaunti ya mkulima isionwe na asiyehusika. Uadilifu ni kilo 480 zilizoandikwa zibaki 480, asitokee mtu akazifanya 408 halafu isijulikane nani kabadilisha na saa ngapi. Upatikanaji ni siku ya malipo faili lifunguke, liwe na nakala sehemu nyingine hata kama diski imekufa. Na kisheria sio jambo la hiari tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na ofisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa izilinde.

Kwahiyo kipimo changu kwa kila njia ni hiki: ukishajifunza, utaweza kwenda kuiweka sawa laptopu kama ile? Halafu vinafuata vipimo vya kawaida vya maisha ya huku, bando, kifaa ulichonacho, Kiingereza, na umeme.

Darasani au nyumbani

VETA ipo Mtwara na ipo Lindi, zote zina kozi fupi za kompyuta. Kama mtu hajawahi kukaa na kompyuta, hajui foda ni nini wala tofauti ya kufunga na kuhifadhi, namwambia aanzie huko bila kusita, kuna mashine, kuna mwalimu, kuna watu wa kuuliza. Ila ajue anachofundishwa ni kutumia kompyuta, kuandika barua, kutengeneza jedwali, intaneti na barua pepe, usalama unaguswa kwa mbali. Ni hatua ya kwanza ya kwenda kwenye hizi zingine.

Upande wa chuo kikuu kuna UDOM kule Dodoma wana shahada ya uhandisi wa mitandao ya kompyuta na usalama wa taarifa, miaka minne. Hii ni ya mwenye matokeo ya kidato cha sita yanayokubalika na mwenye uhakika wa mkopo au mzazi, na inakupa hesabu na mitandao kwa undani ambao hakuna kozi ya mtandaoni itakayokupa. Chuo Kikuu Huria nacho kina vituo vya mikoa Mtwara na Lindi kwa mtu mwenye kazi na familia asiyeweza kuhama. Lakini hata anayesubiri kwenda chuo nashauri asikae bure hiyo miezi, aanze na njia za bure ninazozitaja chini, atafika darasani anajua IP ni nini wakati wenzake ndo wanaisikia.

Kuna hizi kozi fupi za Dar, wiki moja wiki mbili. Toka Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560, piga nauli kwenda na kurudi, pa kulala, chakula, usafiri wa mjini, halafu ada yenyewe. Nyingi zinafundisha vitu ambavyo vipo bure mtandaoni, unacholipia ni mwalimu na msukumo wa kuwa na wenzako. Msukumo ni kitu cha kweli, siudharau, watu wengi wanaacha kozi za mtandaoni njiani kwa sababu ya kuwa peke yao, lakini unaweza kuupata kwa kutafuta mwenzako mmoja pale Chikongola au Mtanda mkawa mnakutana jioni mara mbili kwa wiki, laptopu moja watu wawili. Hiyo ya kwenda Dar naiacha kwa mtu ambaye ofisi yake inalipa.

Netacad na ile ya Google

Hizi mbili ndo zinalinganishwa sana kwa sababu zote ni kozi kamili, za kampuni kubwa, na zinatoa kitu cha kuonyesha mwishoni.

Netacad ni ya Cisco, hawa wanaotengeneza ruta na swichi, mpango wao wa mafunzo upo tangu 1997. Unafungua akaunti bure, unasoma kwa mwendo wako. Kuna Introduction to Cybersecurity ambayo ni fupi, kama saa 6 tu, hiyo inakupa picha ya jumla, aina za mashambulizi, pasiwedi, ulaghai, faragha. Ukweli ukiishia hapo hujajifunza kazi bado, umejua majina ya vitu. Yenye nyama ni Networking Basics, saa 20 na ushee, hapo unaambiwa data inatokaje kwenye simu yako mpaka kwenye seva, anwani ya IP inafanya nini, poti ni nini, DNS inageuzaje jina la tovuti kuwa namba, ruta inachaguaje njia. Kuna watu wanairuka hii kwa sababu haina neno usalama kwenye jina lake, na mimi naiona ndo kozi muhimu kuliko zote kwenye huu ulinganisho, huwezi kulinda njia ambayo hujui inapita wapi.

Kitu kingine kizuri cha Netacad ni programu yao ya Packet Tracer. Unaidanlodi mara moja, unaingia kwa akaunti yako, halafu unajenga mtandao mzima ndani ya laptopu yako, ruta, swichi, kompyuta kumi, waya, unaona pakiti inatembea kutoka hapa kwenda pale na inakwama wapi. Ukichagua ibaki imelogin unafanya mazoezi bila bando kabisa. Masomo yenyewe mengi ni maandishi na michoro, video ni chache, kwahiyo bando linaenda taratibu.

Ile ya Google ipo Coursera, ilianza 2023 ikiwa na kozi 8 ndani yake, na imepangwa vizuri sana kwa mtu anayetaka kazi ya mchambuzi wa usalama kwenye kampuni. Wanakupitisha kwenye kusimamia hatari, mitandao, Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows), SQL (lugha ya kuulizia taarifa kwenye hifadhidata), namna ya kugundua tukio na kulijibu, mpaka kuandika programu kwa Python kidogo. Mpango mzuri wa masomo, na walimu wanaeleza kwa utulivu. Tatizo la kwanza ni malipo, Marekani ni dola 49 kwa mwezi, na ukichelewa kumaliza unalipa mwezi mwingine. Unaweza kuomba msaada wa ada, unaandika maelezo kwanini unauhitaji na utautumiaje, jibu linachukua kama wiki mbili, na unaomba kwa kila kozi, sio mara moja kwa zote. Tatizo la pili ni video, sehemu kubwa ya mafunzo ni kuangalia na kusikiliza. Video ya ubora wa 360p inakula takriban MB 300 kwa saa, ukiipandisha hadi 720p inaweza kupita GB moja. Programu ya Coursera ya kwenye simu inaruhusu kudanlodi video ukiwa kwenye waifai ukaangalia baadae, itumie hiyo.

Nikiwekwa niseme moja, kwa mtu wa huku anayeanza kutoka sifuri nasema Netacad kwanza, na hasa ile ya mitandao. Ya Google ichukue baadae kama una mahali pa waifai ya uhakika na umeshapata msaada wa ada, kwa sababu sehemu yake ya kushughulikia matukio, yani ukishavamiwa unafanya nini saa ya kwanza, imefundishwa vizuri na Netacad ya utangulizi haifiki pale.

Kiingereza kwa zote mbili ni cha kutosha. Aliyeishia kidato cha nne asiogope, maneno ni yaleyale yanajirudia, tengeneza daftari la istilahi, kila neno jipya andika na maana yake kwa maneno yako, baada ya sura nne tano utaona unasoma bila kusimama.

TryHackMe na Bandit

Hapa ndo nataka nikae kidogo, kwa sababu kusoma peke yake hakumfanyi mtu awe fundi, lazima mikono iguse.

TryHackMe ni ya Uingereza, imeanza 2018. Masomo yamegawanywa kwenye vyumba, unaingia kwenye chumba unasoma maelezo mafupi, halafu unapewa kompyuta ya mazoezi ya kuifanyia kazi na maswali ya kujibu. Kwa kufundisha ni nzuri kuliko zote hapa, inakushika mkono hatua kwa hatua, inaeleza kwanini kabla ya vipi. Vyumba vingi vya mwanzo ni bure, vingine vya kulipia. Haikulazimishi kuwa na Linux kwenye mashine yako, wana kompyuta yao inafunguka ndani ya brauza, ila mtumiaji wa bure anapewa saa moja tu kwa siku. Na hapo ndo penye mtihani kwa mtu wa bando: ile kompyuta ya ndani ya brauza inakuletea picha ya skrini muda wote, kila ukisogeza mausi data inakwenda, mtandao ukiwa wa kusuasua inaganda na saa yako inahesabika. Njia nyingine ni kuunganisha kwa OpenVPN (programu ya kukuingiza kwenye mtandao wao) kutoka kwenye mashine yako mwenyewe, inakula kidogo sana, lakini inataka uwe na laptopu yenye Linux na ujue kidogo unachofanya.

Bandit ni mchezo wa bure wa kundi linaitwa OverTheWire. Sura haina mvuto, hamna rangi, hamna nyota za kukupongeza, hata akaunti hufungui. Unafungua terminali, yani dirisha la kuandikia amri, unaandika hivi, ssh ni amri ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali:

ssh bandit0@bandit.labs.overthewire.org -p 2220

Pasiwedi ya kuingilia ni bandit0, na ukiiandika hutaona herufi wala nyota zikitokea, wengi wanadhani kibodi imekufa, andika tu hivyohivyo bonyeza enter. Sasa uko ndani ya kompyuta ya Linux iliyo mbali, imewekwa makusudi watu wajifunzie. Kuna faili linaitwa readme, unalifungua kwa amri ya cat, ndani kuna pasiwedi ya hatua inayofuata. Unatoka, unaingia tena kama bandit1, unakuta faili ambalo jina lake ni kistari kitupu. Ukiandika cat na kistari kompyuta inanyamaza, inasubiri wewe uandike, kwa sababu kistari peke yake kwa amri ile kina maana nyingine, mpaka uandike cat ./- ndo faili linafunguka. Jambo dogo sana hilo lakini umeshajifunza kwamba kompyuta inafanya ulichoandika, haifanyi ulichokusudia, na mashambulizi mengi duniani yanapita kwenye upenyo wa namna hiyohiyo.

Inaendelea hivyo, hatua zaidi ya 30. Unatafuta faili lililofichwa, unatafuta faili kwa ukubwa wake na kwa mmiliki wake, unakutana na ruhusa za kusoma na kuandika, unagundua kwanini mtumiaji huyu analifungua faili na yule linamkatalia. Hapo simama ufikirie ile laptopu ya AMCOS, karani na mwenyekiti kila mmoja na akaunti yake, foda ya malipo inafunguliwa na mmoja tu, ni jambo lilelile. Mbele zaidi unaambiwa kuna poti kati ya 31000 na 32000, tafuta ipi iko wazi na ipi inaongea kwa usimbaji, unatumia nmap (ya kuchunguza poti zilizo wazi) na openssl (ya kuongea kwa usimbaji), na kama ulishasoma Networking Basics unaona kabisa vitu ulivyovisoma vikifanya kazi mbele yako. Kisha kazi zinazojiendesha zenyewe kwa saa, kisha git (programu ya kutunza kila badiliko la faili).

Na bando? Ni maandishi matupu yanayopita, kilobaiti. Kwa bando la kuwasha WhatsApp tu unaweza kukaa na Bandit jioni nzima. Tena huhitaji laptopu, kwenye Android unaweka Termux (terminali ya kwenye simu), ichukue F-Droid (duka la programu za bure), unaandika pkg install openssh, ikimaliza unaingia Bandit kwa simu yako ukiwa umekaa zako Mikindani. Kuandika amri kwa kidole kunachosha, ukipata kibodi ndogo ya bluetuthi au ya waya ni bora zaidi, ila inawezekana. Weka daftari uandike pasiwedi ya kila hatua na amri uliyotumia, kwa sababu mchezo haukutunzii ulipofika.

Ubaya wake ni kwamba haukufundishi, unakupa swali na orodha ya amri zinazoweza kusaidia, basi. Mtu asiye na uvumilivu ataishia hatua ya 5 au 6. Dawa yake ni kusoma maelezo ya amri kwa man na jina la amri, na yule mwenzako wa jioni. Ukienda kunakili majibu ya watu mtandaoni unapita hatua lakini huna ulichobaki nacho.

Kwahiyo kati ya hizi mbili: una waifai ya ofisini au chuoni uliyoruhusiwa kutumia na unapenda kuelekezwa, nenda TryHackMe. Una simu na bando la kupima, nenda Bandit. Mimi kwa mazingira yetu naipa Bandit nafasi ya kwanza, na sababu yangu nyingine ni Mei 2024. Wanaokumbuka, mwanzoni mwa ule mwezi kimbunga Hidaya kiliharibu barabara ya Lindi kwenda Dar magari yakakwama, halafu tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikawa ya shida nchi nzima. Siku kama zile video haifunguki kabisa, kitu chepesi cha maandishi kina nafuu, na aliyekuwa na Packet Tracer na masomo aliyodanlodi mapema anaendelea bila kumtegemea mtu. Ndo upatikanaji wenyewe huo tuliousema juu, na wewe mwanafunzi unauhitaji pia.

Maabara yako mwenyewe

Kuna ushauri unazunguka kwamba ukitaka kujifunza lazima uweke Kali Linux. Kali ni mfumo mzuri wa wataalamu wa kupima usalama, ila hata watengenezaji wake wenyewe wanaandika kwenye maelezo yao kwamba haumfai mtu ambaye hajaizoea Linux. Faili lake la kusakinisha lina ukubwa wa GB kadhaa, na ukitaka kuiendesha ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta) juu ya Windows laptopu ya RAM GB 4 italia.

Badala yake tafuta laptopu ya zamani ambayo mtu ameiweka kabatini, weka Linux nyepesi kama Lubuntu au Xubuntu, na ujifunze kuilinda hiyo. Tengeneza watumiaji wawili, weka ruhusa, washa fayawoli, fungua ssh halafu uifunge. Weka Wireshark uone mwenyewe simu yako inaongea na nani ukifungua tovuti. Ruta ya nyumbani ni darasa lingine zuri, ingia kwenye mipangilio yake, badilisha pasiwedi ya msimamizi iliyokuja nayo, hakikisha ulinzi wa waifai ni WPA2 au WPA3, zima WPS (ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN). Ukitaka kujaribu nmap nje ya nyumba yako kuna seva inaitwa scanme.nmap.org, wenyewe wameiweka watu waichunguze kwa kiasi, wameruhusu kwa maandishi. Hiyo ruhusa ndo inanipeleka kwenye jambo linalofuata.

Kozi za "kudukua" za kwenye WhatsApp

Hizi zinatangazwa kila siku, tuma elfu kumi au ishirini uunganishwe kwenye kundi, utafundishwa kuingia WhatsApp ya mtu, kupata waifai ya jirani, kuona meseji za mpenzi wako. Nasema kabisa usilipe. Wengi ni walaghai walewale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na hizo programu wanazokutumia udanlodi mara nyingi ndo zinazoingia kwenye simu yako wewe. Na hata akitokea anayefundisha kweli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 4 inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa, faini isiyopungua milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Waifai ya jirani imo humo. Kijana anayeanza maisha hana sababu ya kubeba kesi kama hiyo wakati Bandit imemfungulia kompyuta nzima aichezee kwa ruhusa.

Ukitaka kuanza na kitu cha leoleo kwa simu yako, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ukiona usiyoijua nenda kwa mtoa huduma wakaifute. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp na kwenye barua pepe. Meseji za kitapeli zitume kwenda 15040. Msimu wa korosho ukifika na wazee wameanza kupata malipo yao waelekeze hayo hayo, kaa nao, washikie simu wakiangalia, wengi hawajawahi kuambiwa kwamba benki haiwezi kukupigia kuuliza namba ya siri.

Nani achukue nini

Karani au mtu wa ofisi asiyetaka kubadilisha kazi: Introduction to Cybersecurity ya Netacad, halafu moja kwa moja kwenye laptopu ya ofisi, akaunti tofauti, nakala kwenye diski ya nje ambayo haikai imechomekwa muda wote, masasisho. Inatosha kwa kuanzia, na utakuwa umewasaidia wakulima wengi kuliko mwenye vyeti vitatu ambaye hajawahi kuigusa laptopu yenu. Wakala wa miamala hata hiyo kozi anaweza kuisoma kwa simu akiwa kibandani.

Kijana anayetaka kuifanya kazi: Networking Basics na Bandit kwa pamoja, asubuhi unasoma jioni unafanya, usimalize moja ndo uanze nyingine. Baada ya hapo TryHackMe au ile ya Google kulingana na waifai. Aliyepata nafasi ya chuo aende chuo na hivi aendelee navyo pembeni.

Vyeti vya kulipia

Mwishoni watu wanauliza Security+ ya CompTIA au ile ya ISC2 inayoitwa Certified in Cybersecurity. Security+ inajulikana zaidi na waajiri, toleo la sasa SY0-701 lilianza Novemba 2023, maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, unatakiwa upate 750 kwenye kipimo kinachoanzia 100 mpaka 900, na cheti kinadumu miaka mitatu. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola 400. Kujiandaa sio lazima ulipe, Professor Messer ameweka masomo yote ya mtihani huo bure kwenye YouTube. Ya ISC2 ilianza 2022, ni ya wanaoanza, haidai uzoefu wowote, bei ya kawaida ya mtihani ni dola 199 na baada ya kufaulu kuna ada ya dola 50 kila mwaka ya kukiweka hai cheti, watu wengi wanaisahau hii ada ya kila mwaka wakipiga hesabu.

Security+ inaweza kufanyiwa nyumbani mbele ya kamera, chumba kiwe na wewe peke yako, na intaneti ikikatika katikati mtihani unaweza kusimamishwa, kwahiyo kwa huku kwetu umeme ukiwa wa mashaka usijaribu bila laptopu yenye betri nzima na intaneti ya pili ya akiba. Ya ISC2 inafanyiwa kwenye kituo cha Pearson VUE (kampuni inayosimamia mitihani), na kwa mtu wa Mtwara au Lindi hiyo ni safari ya Dar. Weka miadi ya mtihani kwanza, upate uthibitisho kwenye barua pepe, jina kwenye miadi lifanane herufi kwa herufi na la kwenye kitambulisho chako, ndo uende stendi Mkanaledi kukata tiketi, na usafiri siku moja kabla, usije ukashuka kwenye basi ukaingia chumba cha mtihani moja kwa moja.